Anayeita Ni Nani?

Katekista yeyote wa Jimbo la Mbinga anaijua habari ya Samweli. Mtoto amelala hekaluni, anasikia anaitwa, anakurupuka na kumkimbilia mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Eli hakumwita. Anamrudisha akalale. Mara ya pili ni vilevile. Ni mara ya tatu tu mzee anapong'amua kwamba huenda anayeita ni Bwana, ndipo anamfundisha mtoto namna ya kuitika. Mahubiri mengi hukimbilia pale kwenye kuitika. Ni machache yanayotulia kwenye zile mara mbili za mwanzo, ambapo kuhani wa miaka mingi, macho yake yakiwa yamefifia, aliletewa habari ya sauti isiyo na mwenyewe na hakupiga magoti wala hakukemea pepo. Alisema kwanza kwamba si yeye aliyeita, akamwambia mtoto arudi kitandani.

Tuihamishie habari hiyo Ruanda, nayo si nchi ya Kigali. Ni kata ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye barabara inayochepuka Kitai na kuteremka mpaka Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa upande huo, kwa hiyo malori ni sehemu ya maisha. Tumchukulie kijana wa huko, wa kubuni lakini si wa ajabu, mwenye miaka 21. Amemaliza kidato cha nne, anamsaidia baba yake shambani. Tangu mavuno ya mwaka jana amepoa. Haendi mpirani, haogi mpaka asukumwe, analala mchana na usiku anazunguka uani. Ugali anaopikiwa na mama yake anausogeza pembeni. Anakula mahindi aliyoyachoma kwa mkono wake mwenyewe. Redio ameizungushia kanga na kuisukumia nyuma ya magunia kwa sababu mtangazaji anamtaja. Lori likipiga honi anahesabu: honi tatu maana yake habari zake zimeshafika Songea. Halafu jioni moja anamnong'oneza mdogo wake kwamba kuna watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaomjadili kutwa kucha, na hawanyamazi hata akiwa chooni.

Kikao cha ukoo kinakaa. Kwa Wamatengo wa zamani mambo kama haya yangeletwa kwenye sengu, pale watu wa ukoo walipokula pamoja na kuamua mambo yao; siku hizi ni viti vya plastiki chini ya mwembe. Bibi anasema ni mahoka, wazee waliotangulia wamesahauliwa. Shangazi anamtaja jirani wa mpakani. Kaka aliyeokoka anataka maombi ya mkesha. Mjomba, ambaye ni dereva, anasema bangi. Mwalimu wa shule ya msingi anataja Mirembe, na wote wananyamaza, maana Tanzania nzima jina la hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, limegeuka kuwa tusi la vijiweni.

Ni rahisi kuwacheka hawa. Lakini lugha yenyewe iko upande wa bibi. Wazimu na mzimu ni maneno ya mzizi mmoja, na mwendawazimu ni mtu anayetembea na hao wasioonekana. Waarabu nao walipita njia hiyohiyo: majnuni ni aliyeguswa na jini, na ndilo neno ambalo wapinzani wa Mtume Muhammad walimrushia, Kurani ikalikanusha. Injili ya Marko inaeleza kwamba ndugu zake Yesu walitoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Dini mbili kubwa za wasemaji wa Kiswahili, basi, zote zina kumbukumbu ya mtu aliyeitwa kichaa kimakosa. Muumini ana haki ya kuuliza, bila kuonekana mshamba: daktari anajuaje kwamba huu ni ugonjwa?

Jibu la kwanza litawashangaza wengi. Hakuna kipimo cha damu cha skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye dalili kama za kijana huyu. Hakuna picha ya ubongo inayotoka mashineni na jina la ugonjwa limeandikwa pembeni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao milioni 24 wanaishi na ugonjwa huu, mmoja katika kila 300, na kila aliyetambuliwa miongoni mwao alitambuliwa kwa njia ileile anayoitumia mzee wa kikao: kusikiliza, kutazama, kuuliza waliomjua zamani. Ugonjwa huanza aghalabu mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, kwa wanaume mapema kuliko kwa wanawake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataja mafungu matano ya dalili: imani potofu, maruweruwe, usemi usioshikana, mwenendo uliovurugika au mwili kuganda, na kile ambacho ugonjwa unamnyang'anya mtu, yaani hamu, maneno, na uhai wa uso. Mawili yawepo, na angalau moja litoke katika matatu ya mwanzo; na msukosuko wote udumu miezi sita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaridhika na mwezi mmoja.

Fungu lile la tano ndilo linalowaponyoka wengi. Hakuna anayeita kikao kwa sababu kijana ameacha kucheka. Ataitwa mvivu, ataambiwa ana kiburi cha shule, na mwaka unakwisha.

Kabla ya kulitaja jina la ugonjwa, daktari anatakiwa afanye kazi ya Eli na kuondoa kwanza wasiohusika. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, kama watu wanavyosema, na hiyo huua kwa siku chache. Huenda ni kaswende ya zamani, Virusi vya UKIMWI, kifafa, tezi ya shingo, pigo la kichwa baada ya kuanguka na bodaboda. Mjomba dereva naye asipuuzwe: bangi na gongo vinaweza kuleta sauti, na kwa aliyekwisha kuelemea upande huo bangi inaweza kumsukuma kabisa. Hayo yote yakishapimwa na kuondolewa, kinachobaki ni mazungumzo. Na hapo ndipo Kiswahili kinapoanza kumtega daktari.

Msikilize Mtanzania mzima wa akili kwa saa moja tu. Roho imenituma nije. Moyo umekataa. Nafsi inanisuta. Akili yangu ikaniambia geuka. Mahakamani mshtakiwa anasimama na kusema shetani alimpitia, na hakuna hakimu anayemwagizia daktari kwa neno hilo peke yake. Kwetu mtu hajifungii ndani ya kichwa chake kama mpangaji wa chumba kimoja. Ni nyumba yenye sebule, na wanaoingia na kutoka ni wengi. Muuguzi akimwuliza mzee wa Ruanda kama kuna kitu huwa kinamwambia la kufanya, mzee atajibu ndiyo, kila siku, na ataongeza kwamba kinamsaidia.

Kwa hiyo muuguzi mzuri huuliza kwa namna nyingine. Je, huwa unasikia watu wanaongea, kwa masikio haya, kama unavyonisikia mimi, na ukigeuka humwoni mtu? Wanasema na wewe, au wanakusema? Wanakuamuru? Mawazo uliyo nayo kichwani ni yako, au yapo uliyotiliwa? Ukiwaza kimya, wengine wanasikia? Kurt Schneider, daktari wa Ujerumani, aliyapa maswali ya aina hii uzito wa pekee katikati ya karne iliyopita. Siku hizi hayahesabiwi tena kuwa muhuri wa skizofrenia, kwa kuwa yanajitokeza katika maradhi mengine pia, lakini bado yanafungua mlango ambao swali la jumla haliufungui.

Swali la mawazo yaliyotiliwa linastahili kukaliwa kidogo hata na asiye daktari. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika karne ya 17, alitilia shaka kila kitu mpaka akafika pahala pamoja alipoona hapatikisiki: kuna kuwaza, na anayewaza ni yeye. Kijana wetu anaitikisa nguzo hiyohiyo. Anasema wazo limo ndani yake, analiona wazi, lakini mwenyewe ni mwingine. Hasemi kwa mafumbo. Anayesema shetani alimpitia bado analibeba tendo lake, anaona haya, anaomba radhi. Anayesema wazo si lake haoni cha kuombea radhi, kama vile mtu asivyoomba radhi kwa barua iliyosukumwa chini ya mlango wake. Kati ya misemo hiyo miwili kuna bonde, na Kiswahili kinalifunika kwa majani.

Karl Jaspers, aliyekuwa daktari wa akili kabla ya kuwa mwanafalsafa, aliandika mwaka 1913 kwamba katika ugonjwa wa akili yafaa kutenga umbo na yaliyomo. Yaliyomo mtu huyachota nyumbani kwake. Mgonjwa wa Ulaya ya zama zake alifuatwa na mitambo ya umeme, wa Ruanda anafuatwa na honi za malori ya makaa, wa kesho atafuatwa na simu. Umbo halibadiliki sana: sauti zinazomzungumzia kama hayupo, wazo lisilo na mwenyewe, uhakika usioshikika kwa ushahidi wowote. Mtaalamu wa anthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji wasikia sauti 20 California, 20 Accra nchini Ghana na 20 Chennai nchini India, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Wamarekani walisimulia zaidi sauti za matusi na vita, wakaziita dalili za ugonjwa wa ubongo; wa Accra wengi walisema wanamsikia Mungu, na kadhaa walisema sauti zao kwa jumla ni njema. Wote walikuwa wagonjwa waliokwisha kutambuliwa. Mazingira yaliwabadilishia maneno ya sauti, pengine na ukali wake, bila kuwaondolea sauti.

Hapo ndipo hoja ya makala hii inaposimama. Wengi hudhani imani ya kijiji ni ukungu unaomzuia daktari kuona. Ukitazama vizuri, ndiyo rula yake. Mwongozo uleule wa Marekani unaonya kwamba katika baadhi ya jamii kusikia sauti ya Mungu ni sehemu ya kawaida ya ibada, na kwamba imani inayoshirikiwa na watu wa mtu haihesabiwi kuwa dalili. Katika nyumba ambamo wote wanakubali kwamba kuna kurogwa, kusema nimerogwa hakuthibitishi lolote. Ila mchawi wa kawaida ana jina, ana sababu, ana mpaka wa shamba au wivu wa mahari. Mahoka wa kawaida wana madai yanayojulikana: pombe, unga, kaburi lisafishwe. Mahoka wanaotangaza redioni na kuhesabu honi hakuna bibi anayewatambua. Mwulize taratibu, naye atakwambia mwenyewe kwamba kijana huyu hafanani na wengine aliowaona. Kwa kusema hivyo ameipa hospitali habari ambayo daktari aliyehamia kutoka mkoa mwingine asingeipata.

Ng'ambo ya ziwa, kwa Watumbuka wa kaskazini mwa Malawi, kuna vimbuza, ngoma ya uponyaji ambayo UNESCO imeiorodhesha katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Pepo wa vimbuza huja kwa ngoma yake, hucheza, ngoma ikitulia naye hutulia, na asubuhi mwenye nyumba anakwenda kulima. Anayesumbuliwa na skizofrenia hana ngoma wala saa. Hakuna mdundo wa kumpigia unaomfanya apumzike.

Unguja imetoa funzo lingine. Mmarekani Juli McGruder alikaa karibu na familia za wagonjwa waliotibiwa hospitali ya Kidongo Chekundu, akaona jinsi zilivyochanganya dawa za hospitali na kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa na kunywewa. Alichokiona cha thamani hakikuwa ndani ya kikombe. Kwa kuwa taabu ilihesabiwa kuwa ya shetani au mtihani wa Mungu, mgonjwa hakulaumiwa, hakuandamwa kwa maneno siku nzima. Alipopata nafuu alirudi kwenye shughuli za nyumba bila kubandikwa jina la kudumu. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba mgonjwa anayeishi katika nyumba ya lawama na makelele hurudiwa na ugonjwa upesi zaidi. Tafsiri ya kidini inaweza kumkinga mtu. Inaweza pia kumwangamiza, pale anapofungwa kamba kwenye mti wa nyumba ya mganga au ananyimwa chakula siku saba ili pepo adhoofike. Adhoofikaye ni kijana.

Na Kanisa linasemaje? Watu wa Mbinga wengi ni Wakatoliki, na wengine hushangaa wakiambiwa kwamba sheria za Kanisa lao ziko karibu na za daktari kuliko za mkesha wa kukemea. Kitabu cha ibada za Roma cha mwaka 1614 kilimwonya padri asiwe mwepesi wa kuamini kwamba mtu ana pepo, bali ajifunze kwanza kumtofautisha mwenye pepo na mgonjwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inakataza kupunga pepo bila ruhusa maalumu ya askofu wa mahali. Katekisimu, namba 1673, inasema maradhi, hasa ya akili, ni jambo jingine, na tiba yake ni kazi ya sayansi ya udaktari. Mtume Paulo anataja karama ya kupambanua roho. Kupambanua: hakuna neno bora zaidi kwa kazi ya daktari pia.

Lakini tahadhari ya Roma iliwahi kusikika Afrika kama uziwi. Askofu Mkuu Emmanuel Milingo wa Lusaka alianza miaka ya 1970 kuwaombea watu waliosema wanateswa na pepo, akijenga hoja kwamba Kanisa lililoletwa na wageni halikuwa na jibu kwa mateso hayo. Umati ulimfuata, na mwaka 1983 aliacha kiti chake kwa shinikizo la Roma. Swali lake bado liko mezani. Mtu akiambiwa tu kwamba pepo wake si pepo, halafu hapewi dawa wala wa kukaa naye, amesaidiwa nini?

Kuna swali jingine ambalo hospitali haiwezi kulijibu, wala haipaswi kujifanya. Kijana akisema kwamba katikati ya kelele za wale wawili aliwahi kusikia neno moja la upole, na anaamini ni la Mungu, ugonjwa wake unathibitisha kwamba amekosea? William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwisha kulipinga wazo hilo mwaka 1902: kueleza hali ya ubongo wa mtu hakumalizi swali la thamani ya alichokiona. Utambuzi wa ugonjwa unasema mtu huyu anateseka hivi na dawa hii humsaidia. Hauna mamlaka juu ya sala zake. Vilevile sala zake hazina mamlaka juu ya kipimo cha dawa.

Dawa zenyewe si za zamani. Lutindi, milimani Usambara, ilikuwa kimbilio la watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kupokea wagonjwa wa akili kuanzia mwaka 1904, na kwa miaka mingi ilikuwa na kazi za mikono, utulivu na sala, basi. Ni mwaka 1952, Paris, klopromazini ilipojaribiwa kwa wagonjwa na sauti zikaanza kufifia. Kwetu wengi bado wanaiita Lagaktili. Inakausha midomo, inalewesha usingizi. Nduguye haloperidoli inaweza kupinda shingo na kutetemesha mikono mpaka kikombe cha chai kimwagike. Mama akiona hivyo anasema wamemgeuza gogo, vidonge vinaishia juu ya kabati. Angeambiwa mapema kwamba kutetemeka kuna dawa yake, kwamba kipimo hupunguzwa, kwamba iko sindano ya mwezi kwa mwezi, huenda angevumilia. Kuchelewa kuna gharama: kadiri ugonjwa unavyokaa bila tiba, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Pwani ya Nyasa na milima ya Umatengo havikuzoea kuona hospitali na kanisa kama maadui. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na hospitali ikakua kando ya abasia. Liuli, Waanglikana waliweka hospitali kando ya ziwa. Litembo wagonjwa hutibiwa kwenye hospitali ya jimbo. Mtu alitoka wodini akaingia misani bila kuvuka barabara. Hata yule mtu mwenye pepo wa Gerasa katika Injili ya Marko, aliyeishi makaburini akikata minyororo, hadithi yake haiishii kwenye nguruwe kama wengi wanavyoikumbuka. Alitaka kupanda mtumbwi amfuate Yesu, akakataliwa. Aliambiwa aende nyumbani kwa watu wake.

Kijana wa Ruanda apelekwe basi, wiki hii, asisubiri mavuno. Aanzie zahanati iliyo karibu, na wakimwandikia rufaa aende Songea, hospitali ya mkoa ambayo watu huiita Homso. Mdogo wake aende, kwa kuwa ndiye aliyeambiwa habari za wale wawili. Padri au mchungaji akitaka kumwombea, amwombee hukohuko, vidonge vikiwa mezani. Na bibi asiachwe nyumbani kwa kuonewa haya: muuguzi atakapouliza kama mahoka wa ukoo huu huwa wanatangaza redioni, hakuna mwingine kwenye benchi lile anayeweza kujibu.